Kutoka Kibuye Hadi Jengo Kuu la Makerere

Ukiwa Kisumu na una siku mbili tatu za mapumziko, nenda Kampala ukalione Jengo Kuu la Chuo Kikuu cha Makerere. Liliungua usiku mmoja wa Septemba 2020, likajengwa upya kwa sura yake ileile, na mwaka 2024 likafunguliwa tena. Wengi huku kwetu wanalihesabu kuwa jengo la Waganda peke yao. Mimi nalihesabu letu pia.

Anayelala karibu na soko la Kibuye asipange kuondoka Jumapili. Siku hiyo soko hufurika na barabara ya Jomo Kenyatta hujaa mikokoteni na tuktuk. Isitoshe, jengo lenyewe ni la ofisi za chuo, kwa hiyo ni vizuri kufika siku ya kazi. Ondoka Jumatatu alfajiri. Yapo mabasi ya moja kwa moja hadi Kampala, lakini pia unaweza kupanda matatu ya Busia, ukavuka mpaka kwa miguu, kisha ukatafuta gari upande wa pili. Njia inapita Maseno, inapokata ikweta, halafu Luanda, Yala, Ugunja na Bumala.

Pale Busia maofisa wa Kenya na wa Uganda wanakaa chini ya paa moja, upande wa nchi unayoingia, hivyo usisimame kwenye foleni ya upande unaotoka. Mkenya huvuka kwa pasipoti au kitambulisho cha taifa. Beba pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na ubadilishe pesa kwenye duka lenye leseni, si kwa vijana wanaokufuata na mabunda ya noti. Baada ya hapo kaa upande wa dirishani: utavuka Nile kwa daraja la Jinja lililofunguliwa 2018, utapita msitu wa Mabira, na Namawojjolo utaletewa kuku wa mshikaki na gonja, yaani ndizi, ya kuchoma hadi kwenye kiti chako.

Ukishuka Kampala, mwambie wa bodaboda akupeleke Makerere, lango la Wandegeya. Usimtajie Kibuye unakotoka, kwani Kampala nayo ina Kibuye yake, njia ya Entebbe, na atakupeleka huko. Langoni onyesha kitambulisho na useme umekuja kutazama.

Panda kilima polepole hadi Uwanja wa Uhuru, kisha usimame mbali kabla ya kukaribia. Jengo hili lilikamilika 1941, na uzuri wake uko katika ulinganifu: mabawa mawili yanayolingana, na mnara wa saa katikati. Moto wa 2020 ulikula paa na orofa za juu pamoja na kumbukumbu nyingi za chuo, na watu waliosoma pale walilia hadharani. Ingekuwa rahisi kusimamisha jumba la vioo mahali pake. Kurudisha sura ya zamani ulikuwa uamuzi sahihi, kwa sababu mahafali ya vizazi vingi yamefanyika mbele ya mnara ule, na anayerudi akiwa na wajukuu anastahili kuutambua.

Makerere ilianza 1922 ikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14. Jaramogi Oginga Odinga alisoma pale mwishoni mwa miaka ya 1930, jengo hili likiwa bado halijakamilika, akarudi kufundisha Maseno. Julius Nyerere alifika 1943, Mwai Kibaki akahitimu 1955. Mwaka 1962 waandishi wa Afrika walikutana chuoni hapo, akiwemo Grace Ogot wa kwetu, na Ngũgĩ wa Thiong'o akihudhuria angali mwanafunzi. Hata Kisumu yenyewe ilitawaliwa kama sehemu ya Uganda hadi 1902. Ndiyo maana nasema ni letu.

Ndani kuna watu kazini, kwa hiyo omba ruhusa kabla ya kupiga picha kwenye korido. Wiki ya mahafali iepuke, isipokuwa una ndugu anayehitimu. Hutapata pa kusimama. Kisha ulizia jumba la sanaa la shule iliyopewa jina la Margaret Trowell, chuoni humohumo. Hapo ndipo alipofunzwa Gregory Maloba, mchongaji kutoka magharibi mwa Kenya, ambaye ndiye aliyetengeneza Mnara wa Uhuru ulioko katikati ya Kampala. Ukibakiwa na nafasi, mnara huo uko karibu na hoteli ya Sheraton.

Njaa ikikushika, teremka Wandegeya ule rolex, yaani chapati iliyokunjwa na mayai, ikitoka motoni. Na gari la kurudi ulipande asubuhi, ili uvuke Busia kungali mchana.