Homa, Degedege na Kirusi cha Hepesi

Huku Karagwe na Kyerwa, mtoto akishikwa na homa na degedege, jina la kwanza linalotajwa nyumbani ni malaria. Mara nyingi ni malaria kweli, na lazima apimwe. Lakini kipo kirusi kiitwacho hepesi ambacho huweza kuvimbisha ubongo, na dawa ya malaria haikigusi.

Hepesi ndiyo huleta malengelenge pembeni mwa mdomo. Wengi wetu tuliipata utotoni kwa njia ya mate, na wengine hata hatukuugua. Kirusi kikishaingia hakitoki. Hulala kwenye mishipa ya fahamu maisha yote. Kufika kwenye ubongo ni nadra sana, basi mwenye malengelenge ya mdomo asiogope.

Mara nyingine kirusi hufika kwenye ubongo wakati wa maambukizi ya kwanza, mwili ukiwa bado hauna kinga dhidi yake. Hali hii huonekana zaidi kwa watoto na vijana. Aliye hatarini zaidi ni mtoto mchanga. Mama akiambukizwa hepesi ya sehemu za siri kwa mara ya kwanza karibu na kujifungua, watoto 3 hadi 5 kati ya 10 huweza kuipata wakati wa kuzaliwa. Kama mama alikuwa nayo zamani na imerudi tu, ni wasiozidi 3 kati ya 100, kwa sababu mtoto amekwisha kupewa kinga na mama yake akiwa tumboni. Mjamzito mwenye vidonda amwambie mkunga mapema, bila aibu. Kichanga mgonjwa huenda asiwe na homa: hukataa ziwa, hulegea, au mkono mmoja huchezacheza wenyewe.

Kwa watu wazima, mara nyingi ni kirusi cha zamani kilichoamka. Huanza homa na kichwa kuuma. Baada ya siku chache baba anachanganya maneno, anasahau majina ya wanawe, anakuwa mkali ghafla. Wapo watakaosema karogwa. Hapana: kirusi kimeshambulia sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu na lugha. Msisubiri malengelenge yatokee mdomoni, kwani mara nyingi hayaonekani.

Iwe maambukizi mapya au ya zamani, tiba ni moja: asiklovia ya kuchomwa kwenye mshipa, kila baada ya saa 8, kwa siku 14 hadi 21. Bila tiba hiyo, wagonjwa 7 kati ya 10 hufariki, na kila siku inayopotea huongeza ulemavu kwa atakayepona.

Kipimo kikionyesha malaria, na mgonjwa ametumia dawa lakini bado amechanganyikiwa, mrudisheni na mseme wazi kilichobadilika. Zahanati ikiwapa rufaa kwenda hospitali ya Nyakahanga, Isingiro au Bukoba, ondokeni siku hiyohiyo. Msingoje kuuza kahawa kwanza.