Muulize Kwanza Anataka Kuvaa Nini

Mwaka jana, wiki ya sanaa ya chuo ilipokaribia, nilijipa kazi ya kupiga picha za wanafunzi 12. Kichwa cha maonyesho nilikichagua mwenyewe: "Asili Yetu". Mpango ulikuwa rahisi, kila mtu avae nguo za kwao. Wa pwani aje na kanzu au kanga, wa Ngorongoro aje na shuka nyekundu. Huyo wa Ngorongoro ni mwenzangu wa chumba, anasoma sheria. Nikajua kwake sitapata shida.

"Sivai," akasema.

Nikadhani ananitania. Nikamwambia, we, nyekundu inakaa vizuri sana kwenye kamera. Akaniangalia.

"Shuka navaa nyumbani kwa sababu kule kuna baridi. Hapa Dar na joto hili nikiivaa, watu wataona Mmasai, mimi hawatoniona. Ukitaka kunipiga, nipige na koti langu."

Koti lenyewe nalijua. Jeusi, la mtumba, alilinunua Karume bumu lilipotoka. Kabla ya hapo alisimama kwenye mahakama ya mazoezi na koti la kuazima lililomfunika mpaka vidole, na watu wakacheka.

Nilikasirika, sifichi. Lakini maneno yake ndiyo yaliyonipeleka maktaba, na somo la leo limetoka huko.

Studio ya Bamako

Seydou Keïta alizaliwa Bamako, Mali, mnamo mwaka 1921 hivi. Alianza maisha kwenye useremala. Kamera yake ya kwanza, ndogo tu, aliletewa na mzee wa ukoo wao aliyetoka safari ya Senegal. Mwaka 1948 akafungua studio nyumbani kwake, karibu na stesheni ya reli.

Alitumia kamera kubwa ya filamu za sentimita 13 kwa 18. Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo mara nyingi mteja alipigwa fremu moja tu. Mwanga ulikuwa wa jua. Pazia la nyuma la mwanzo lilikuwa tandiko la kitanda chake mwenyewe.

Sasa njoo kwenye nguo. Keïta aliweka studioni suti za Kizungu, tai, kofia, saa za mkono, kalamu za wino, redio, hata skuta. Mteja aliyekuja na kanzu yake pana ya Kimali alipigwa nayo. Aliyetaka suti, aliazimwa. Ukutani kulikuwa na picha za mfano, mtu anaangalia na kuchagua akae vipi.

Utauliza: suti ya kuazima, saa ya kuazima, huo si uongo? Nami niliuliza hivyo. Ili tupate jibu, tuziweke picha hizi karibu na nyingine za zama zilezile za ukoloni.

Wafaransa walipotawala Afrika Magharibi, zilichapwa kadi za posta nyingi zenye picha za wenyeji. Edmond Fortier, aliyekuwa na duka lake Dakar, alitoa kadi nyingi sana za namna hiyo. Kwenye kadi nyingi mtu hana jina. Chini yake pameandikwa kabila, au "msichana wa mahali fulani". Nguo ni zake kweli, pengine hata shanga ni zake. Lakini hakuilipia picha ile, hakuichagua, wala haikuwa inakwenda kwa ndugu zake. Ilikwenda Ulaya kwa watu wasiomjua.

Kwa Keïta, aliyekaa mbele ya kamera ndiye aliyelipa. Yeye ndiye aliyesema nivae hiki, nishike kile. Na picha aliondoka nayo yeye. Kwa hiyo nguo ya kuazima inaweza kusema ukweli kuhusu mtu, kwamba huyu ndiye ninayetaka mnione. Na nguo ya asili inaweza kumficha mtu huyohuyo, kama ameivishwa na mwingine.

Hapo nikajitambua. Mimi na "Asili Yetu" yangu nilikuwa upande wa kadi za posta.

Tena hilo neno asili lina mitego yake. Shuka yenyewe ni kitambaa cha kiwandani, kilifika kwa biashara. Kabla yake Wamasai walivaa ngozi. Je, asili tuianzie wapi?

Mpiga picha aliyejigeuzia kamera

Samuel Fosso alizaliwa Kameruni mwaka 1962, akakulia Nigeria, na vita ya Biafra ikamkuta huko. Akaishia Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, na mwaka 1975, akiwa na miaka 13 tu, akafungua studio yake. Mchana alipiga wateja. Fremu zilizobaki kwenye mkanda alijipiga mwenyewe, na suruali pana za chini na viatu vya soli nene, ili bibi yake kule Nigeria aone kwamba mjukuu yupo na ana afya.

Mwaka 2008 alitoa mfululizo wa picha akiwa amejivika sura za Patrice Lumumba, Kwame Nkrumah, Angela Davis, Malcolm X na wengine. Ukiangalia, unawatambua kabla hujamtambua yeye. Miwani, nywele na kola zinatosha.

Funzo la Fosso ni kwamba mtu mmoja ana sura nyingi, na nguo ndizo zinazotuambia leo anasema kwa sura ipi. Mwenzangu ni binti wa Ngorongoro na ni mwanasheria mtarajiwa. Siku ile alitaka kusema kama mwanasheria.

Tulivyofanya

Nilimwomba radhi. Tukapiga pembeni ya dirisha la hosteli, saa kumi jioni, na nikajiwekea sharti la fremu tatu tu. Akauliza mikono aiweke wapi. Nikamwambia, unapotaka. Akashika kola ya koti kwa mikono miwili.

Chini ya picha tuliandika jina lake, si kabila. Mama yake alipotumiwa kwenye simu akapiga palepale: "Hilo koti limekukaa! Nani kakushonea?" Hakumwambia ni la mtumba. Sikuona sababu ya kumlaumu.

Kichwa cha maonyesho nilikibadilisha kikawa "Nione Hivi". Kati ya wale 12, wanne walibaki na nguo za kwao, kwa kupenda kwao. Hizo nazo zilikuwa picha nzuri.

Zoezi

Wiki hii mpige picha mtu mmoja, hata kwa simu. Kabla hujaiwasha kamera, muulize mambo matatu: unataka kuvaa nini, unataka nani aione, na chini tuandike nini. Kisha msogeze dirishani, zima flashi, piga fremu tatu, na mwache yeye achague moja. Akichagua ile ambayo wewe huipendi, ichape hiyohiyo.