Tovuti ya Duka na Mteja Asiyeona

Kila nitakiwapo kuikagua tovuti ya mfanyabiashara, kabla sijasifu wala kulaumu mapambo yake, mimi hukiweka kando kipanya, nikashika kibodi peke yake, nikabonyeza kitufe cha Tab tangu ukurasa wa mwanzo hadi mahali pa kulipia. Na aghalabu safari hiyo hukatika njiani, ama kwa kuwa alama ya kuonyesha nilipo imefutwa kwa ajili ya urembo, ama kwa kuwa kalenda ya kuchagulia tarehe haikubali ila kipanya. Mteja ambaye mikono yake hutetemeka hukwama papo hapo akaenda kununua kwingine, wala mwenye duka hapati kamwe habari ya fedha iliyompita.

Kisha huwasha kisoma skrini, yaani programu isomayo kwa sauti yaliyomo kwenye skrini, nikafumba macho na kusikiliza. Mojawapo ya programu hizo, NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, ambaye mwenyewe haoni, hupatikana bure, basi gharama si udhuru. Picha isiyo na maelezo huenda ikatajwa kwa jina la faili, tarakimu tupu zisizo na maana. Niandikapo "kanga nyekundu yenye pindo jeusi, doti moja", ndipo asiyeona ajuapo kinachouzwa.

Lakini ila niikutayo zaidi katika tovuti za Kiswahili haionekani kwa macho hata kidogo: ukurasa umejengwa juu ya kiolezo cha kigeni, na msimbo wake ungali ukitangaza lugha kuwa "en" badala ya "sw", hata kisoma skrini, kikilisadiki tangazo hilo, kikayatamka maneno yetu kwa lafudhi ya Kiingereza, na mzaliwa wa Tanga asitambue kuwa anasomewa lugha yake. Kuirekebisha ni kubadili herufi mbili.

Maandishi ya kijivu juu ya weupe nayo huyapima: WCAG, mwongozo wa kuzifanya tovuti zifikiwe na watu wote, wataka tafauti ya mwangaza ya 4.5 kwa 1 kati ya maandishi na usuli wake. Video huzitilia manukuu kwa ajili ya viziwi.

Anayedhani haya ni sadaka na azingatie kuwa kampuni ya Target ya Marekani, iliposhtakiwa na jumuiya ya wasioona kwa sababu ya tovuti yake, ilikubali mwaka 2008 kutoa dola milioni 6 katika maridhiano.

Hatimaye humwalika mtu asiyeona anunue kitu mbele yangu, nami nikanyamaza, hata akikwama. Mlipe ujira kamili, kwani huyo ndiye fundi wa siku hiyo.