Samaki wa Nyegezi na Mas-ala ya Kugeuka kwa Viumbe

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa vyote. Amma baadu.

Katika muhtasari wa Historia wa Tanzania wa mwaka 2005, kijana wa kidato cha kwanza alisomeshwa kuwa binadamu ametokana na viumbe waliogeuka zama kwa zama. Kijana arejeapo nyumbani na maneno hayo, baba mmoja humkaripia, na mwingine hunyamaza. Yote mawili hayamfai. Lipasalo ni kupambanua mambo matatu.

La kwanza ni lionekanalo. Katika ghuba ya Mwanza, ufukweni mwa Nyegezi, wako samaki wadogo waitwao furu. Sangara, waliotiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, walizidi mno miaka ya 1980, wakawala furu hata aina nyingi zikatoweka. Na hewa ndani ya maji ikapungua. Mwaka 2008 wataalamu walieleza kuwa aina moja ya furu wa ghuba hiyo iliyosalimika imegeuka umbo kwa muda wa miaka ishirini tu: mashavu yake ya kupumulia yamezidi upana. Lililopimwa hivi halikanushiki.

La pili ni lijulikanalo kwa dalili, kama asili ya mamia ya aina za furu, au mifupa ya kale iliyofukuliwa Olduvai mwaka 1959. Haya hujibiwa kwa dalili, hayajibiwi kwa hasira.

La tatu ni neno la kuwa hakuna Muumba. Hili halimo katika samaki wala katika mifupa. Mwalimu alitiaye ametoka nje ya somo lake.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alionya kuwa mwenye kukanusha hesabu ya kupatwa kwa jua akidhani anaitetea dini, huidhuru. Kwani aliyeihakikisha hesabu hataishuku hesabu, ataishuku dini.

Ama Nabii Adam, wanazuoni wengi wameshika dhahiri ya Qur'ani, kuwa aliumbwa kwa udongo pasi na baba wala mama. Sheikh Husayn al-Jisr wa Trablus ya Sham, katika kitabu chake cha mwaka 1888, aliishika dhahiri hiyo, akasema kuwa ikithubutu hoja ya kukata, aya zitafasiriwa kwa mujibu wake.

Basi baba na amwache mwanawe asome, na yeye asome pamoja naye, ili swali la kijana lipate jawabu nyumbani kabla ya kulitafuta kwingine.

Wallahu aalam.