Kibali cha Half Dome: Jinsi ya Kuicheza Bahati Nasibu ya Mlima

Aliyezoea utaratibu wa Kilimanjaro anajua safari ya mlimani inavyopangwa: unachagua kampuni, unalipa, unapewa mwongozaji na wapagazi, na siku ikifika unaandikishwa kwenye geti la Machame au Marangu. Mwenye fedha na pumzi hakosi nafasi. Half Dome, jabali la granaiti linalofika mita 2,695 katika Hifadhi ya Taifa ya Yosemite, California, lina utaratibu mwingine kabisa. Hakuna anayekulazimisha kuwa na mwongozaji, na ada ni dola chache tu. Ila kama jina lako halijatoka kwenye droo, askari wa hifadhi atakurudisha ukiwa umeshatembea zaidi ya kilomita kumi, na kilele unakiona hicho hapo mbele yako.

Katika miaka ya 1860, mwanajiolojia Josiah Whitney aliandika kwamba huenda hakuna binadamu atakayewahi kukanyaga juu ya jabali hilo. Mwaka 1875 George Anderson alitoboa mwamba, akapigilia vyuma kimoja baada ya kingine, akafika. Mwaka 1919 zikafungwa nyaya mbili za chuma, na mtu wa kawaida asiye na ujuzi wa kukwea majabali akafunguliwa njia. Njia ikajaa. Kabla ya vibali kuanza mwaka 2010, Jumamosi za kiangazi ziliweza kuleta watu zaidi ya elfu moja. Wanaopanda na wanaoshuka walikwama pamoja katikati ya mteremko, bila pa kukimbilia mawingu yakikusanyika. Leo wanaruhusiwa watu 300 kwa siku: 225 wa kwenda na kurudi siku hiyohiyo, na 75 wanaolala porini.

Kuna njia mbili za kupunguza watu mahali panapotamaniwa na wengi. Moja ni bei. Kibali cha kuwaona sokwe wa milimani nchini Rwanda ni dola 1,500, na bei hiyo peke yake inawachuja watu. Nyingine ni kura. Fedha za sokwe zinafanya kazi kubwa ya kulinda msitu na sizibezi, lakini kwa mlima unaopandwa kwa miguu naiona kura kuwa ya haki zaidi. Mwalimu wa shule ya msingi na mwenye kiwanda wanaingia droo moja, kwa ada ileile, na hakuna mlango wa nyuma. Anayejua kanuni zake ndiye anayejiongezea nafasi, kwa hiyo tuzione.

Droo kubwa hufanyika mara moja kwa mwaka. Maombi yanapokelewa kuanzia tarehe 1 hadi 31 Machi kwenye tovuti ya Recreation.gov, na majibu hutoka katikati ya Aprili. Kuwahi siku ya kwanza hakukusaidii kitu; ombi la tarehe 1 na la tarehe 31 yana uzito uleule. Unaruhusiwa kuandika watu wasiozidi sita na kuchagua hadi siku saba, ukizipanga kwa jinsi unavyozipenda. Ombi zima ni dola 10, ambazo hazirudi hata ukikosa. Ukipata, kila mtu analipiwa dola 10 nyingine.

Siku saba hizo ndizo penye ufundi. Wengi wanajaza Jumamosi tupu za Julai na Agosti, kisha wanashangaa kukosa. Jaza Jumanne na Jumatano. Angalia pia mwezi wa Septemba, shule za Marekani zikiwa zimeshafunguliwa, na siku za mwanzo wa Oktoba. Nyaya kwa kawaida husimamishwa mwishoni mwa Mei na kulazwa katikati ya Oktoba, kutegemea theluji. Punguza pia idadi. Nafasi za siku zikibaki mbili, ombi la watu sita halitoshei, la wawili linatosha. Kama mko sita na mnakubali kugawanyika, maombi matatu ya watu wawiliwawili yana matumaini kuliko moja kubwa, mradi muwe tayari wengine wakipata na wengine wakikosa. Mkiwa familia inayotaka kufika pamoja au isifike kabisa, ombi liwe moja.

Hapa kuna jambo linalowaangusha watu wetu zaidi. Kila ombi lina kiongozi, na linaweza kuwa na msaidizi wake. Mmoja wao lazima awepo mlimani siku hiyo, na kitambulisho mkononi, la sivyo kibali hakina kazi kwa kundi zima. Sasa fikiria shangazi anayeishi Sacramento amekujazia ombi kwa jina lake kwa sababu ana kadi ya benki ya kule, na yeye mwenyewe magoti hayamruhusu. Ombi hilo ni kazi bure. Mwombe akuandike wewe kuwa msaidizi tangu mwanzo, kwa jina lilivyo kwenye pasipoti, kwa maana majina hayabadilishwi baadaye na kibali hakiuzwi wala hakirithishwi. Mtu mmoja pia asijaze maombi mawili kama kiongozi akidhani anajiongezea bahati. Mfumo unayaona na yote yanafutwa.

Ukikosa Aprili, bado kuna droo ya kila siku, inayogawa takriban nafasi 50 kwa siku, nyingi zikitokana na watu waliofuta safari zao. Unaomba siku mbili kabla ya kupanda: unataka Jumatano, unaomba Jumatatu. Dirisha linafunguliwa saa 6 usiku na kufungwa saa 10 jioni kwa saa za California, yaani saa 4 asubuhi hadi saa 8 usiku kwa saa za Afrika Mashariki wakati wa kiangazi chao. Jibu linatoka usiku huohuo. Anayekaa Yosemite siku nne au tano na kuomba kila siku, katikati ya wiki, ana nafasi nzuri kuliko anayekuja kwa wikendi moja. Ukipata kibali na safari ikavunjika, kifute mapema: fedha za kibali zinarudi, na nafasi inaenda kwa mtu aliyekuwa anaiombea.

Kwa anayetoka nyumbani, mpangilio wa safari uanze na viza, kisha droo, kisha tiketi ya ndege. Masharti ya viza ya Marekani hutofautiana kwa pasipoti na hubadilika, na kusubiri mahojiano kunaweza kuchukua miezi. Usinunue tiketi kwa kutegemea kibali ambacho hujakipata. Kumbuka pia kiingilio cha hifadhi: kuanzia mwaka 2026, mgeni asiye mkazi wa Marekani mwenye umri wa miaka 16 na zaidi anatozwa dola 100 juu ya kiingilio cha kawaida katika hifadhi 11 zenye wageni wengi, Yosemite ikiwemo, isipokuwa awe na pasi ya mwaka.

Siku yenyewe ni ndefu. Kwenda na kurudi ni kilomita 23 hadi 26, na mwinuko ni karibu mita 1,460. Watu huanza Happy Isles alfajiri na tochi kichwani, wakipitia maporomoko ya Vernal na Nevada. Beba maji ya kutosha na chujio. Nyaya zenyewe zinapanda kiasi cha mita 120 kwenda juu, na penye mteremko mkali ni karibu nyuzi 45. Granaiti pale imesuguliwa na nyayo za miaka mia moja hadi inateleza kama kigae. Kila baada ya hatua chache kuna ubao wa kupumzikia miguu, na kati ya ubao mmoja na mwingine unajivuta kwa mikono. Anayeshuka na anayepanda wanatumia uchochoro huohuo, kwa hiyo mmoja anasubiri kwenye ubao mwingine apite. Vaa glavu zenye mshiko na viatu vyenye soli inayonata. Ukiona mawingu meusi au ukisikia ngurumo, geuza, hata kama zimebaki mbao tatu. Radi ya Julai 1985 iliwaua wapandaji wawili kule juu. Mwamba ukilowa, nyaya hazimwokoi aliyeachia mkono.

Half Dome si peke yake. The Wave, mawe ya mchanga yenye mistari kama mawimbi mpakani mwa Arizona na Utah, inapokea watu 64 tu kwa siku: 48 kupitia droo inayoombwa miezi minne kabla, na 16 kupitia droo ya kila siku. Ile ya kila siku inafanywa kwa simu, na simu lazima iwe ndani ya eneo lililowekewa mipaka kuzunguka miji kama Kanab na Page. Ukiwa Nairobi huwezi kuijaribu. Njia haina alama, na jua la Julai limeua watu pale. Omba miezi ya Aprili, Oktoba au Novemba.

Mlima Whitney nao, uliopewa jina la yule mwanajiolojia, una mita 4,421. Aliyefika Uhuru, kilele cha Kilimanjaro chenye mita 5,895, anaweza kuudharau, lakini hapa wengi wanatembea kilomita 35 kwa siku moja, bila mpagazi, na kinyesi chako unakifunga kwenye mfuko maalumu na kushuka nacho. Droo yake ni Februari nzima hadi tarehe 1 Machi, nafasi 100 za siku moja na 60 za kulala. Waliopata wasipothibitisha na kulipa ifikapo tarehe 21 Aprili, nafasi zao zinafunguliwa kesho yake kwa yeyote. Weka kengele ya simu siku hiyo.

Na ukikosa kila droo, bado usighairi Yosemite. Nenda Clouds Rest, kilele cha mita 3,025 kisichohitaji kibali kwa anayerudi siku hiyohiyo. Unaanzia kando ya ziwa Tenaya, kilomita kama 23 kwenda na kurudi, na mwisho wake ni ukingo mwembamba wa granaiti ambapo Half Dome unaitazama kutoka juu. Barabara ya Tioga inayofika huko hufungwa kwa theluji, kwa kawaida kuanzia Novemba hadi mwishoni mwa Mei au Juni, kwa hiyo uliza hali yake kabla ya kukodi gari.