Mbuzi mwenye mimba anahitaji chumvi ya iyode

Ndugu wanamemba wa Butembo na Beni, mbuzi anabeba mimba karibu miezi 5. Miezi 2 ya mwisho ndipo mtoto anakua sana. Homoni za tezi ya shingo, za mama na za mtoto mwenyewe, zinakomaza ubongo, mapafu na manyoya yake. Zinatengenezwa kwa iyode, na mtoto anaipata kwa mama tu.

Kwenye milima mingi ya Kivu iyode ni kidogo. Tena mihogo michungu inazuia tezi kuichukua. Hapo mtoto anazaliwa zaifu, bila manyoya, shingo imevimba, ao amekufa: minervali imepotea.

Tufanye hivi: tukate maganda ya mihogo na kuyaanika vizuri, tuyachanganye na majani mengine, na kila siku tumupe mama chumvi kidogo ya jikoni yenye iyode.