Ingia Ziwani kwa Mlango wa Kamere: Mwongozo wa Siku Tatu Naivasha

Norway wana sheria ya mwaka 1957 inayompa kila mtu, mwenyeji au mgeni, haki ya kutembea kwa miguu porini na milimani hata pale ardhi ilipo na mwenyewe, mradi asiharibu kitu wala asiwasumbue wenye nyumba. Ndiyo maana mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuzizuru fyodi, ile mikono ya bahari iliyopenya kati ya majabali marefu, akiwa na hema mgongoni na mkate mfukoni.

Naivasha nayo ina majabali, maji na samaki, lakini ukipita Barabara ya Moi South Lake utaandamana na ua na malango kwa kilomita nyingi: mashamba ya maua, hoteli, nyumba za matajiri, kisha mashamba tena. Ziwa unaliona kwa vipande tu, katikati ya migunga. Wakenya wengi hurudi nyumbani wakisema wamefika Ziwa Naivasha, kumbe wameliona wakiwa kwenye kiti cha mkahawa walikonunua soda kwa bei ya chakula. Kamere ni mojawapo ya sehemu chache ambapo mtu wa kawaida hufika hadi majini bila kupita kwenye lango la mtu. Mwongozo huu unaanzia hapo.

Hatua ya kwanza: panga safari kwa kufuata upepo na mvua

Jina Naivasha limetokana na neno la Kimaasai linalohusu maji yanayochafuka, na waliolitoa walilijua ziwa hili vizuri. Asubuhi ziwa hutulia kama maji ya beseni. Ifikapo alasiri upepo huinuka, mawimbi yakaanza kupiga, na mashua ndogo hupata taabu. Kwa hiyo ratiba yako yote ipange hivi: ziwani asubuhi, nchi kavu mchana.

Mvua za masika huja Machi hadi Mei, na za vuli Oktoba hadi Desemba. Miezi ya Januari na Februari, kisha Juni hadi Septemba, ndiyo mizuri kwa baiskeli na kupanda mlima. Usisahau sweta. Ziwa liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai baridi ya hapa huingia hadi mifupani.

Hatua ya pili: fika Kamere

Kutoka Nairobi hadi mji wa Naivasha ni kama kilomita 90. Ukiwa na nafasi, pita barabara ya chini ya Mai Mahiu ili uone Bonde la Ufa likifunguka mbele yako. Chini ya mteremko kuna kanisa dogo lililojengwa na mateka wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942. Anayetoka Nakuru anaifuata barabara kuu moja kwa moja na kupita Gilgil.

Mjini Naivasha, panda matatu zinazokwenda Kamere na Kongoni. Mwambie kondakta mapema kwamba unashuka Kamere. Mtapita Karagita, kisha mashamba ya maua yenye paa za plastiki zinazometa juani kama ziwa la pili. Kamere ni mtaa wa wafanyakazi wa mashamba hayo, na watu wake wametoka karibu kila pembe ya Kenya, ndiyo maana Kiswahili ndicho lugha ya kibarazani hapa. Salimia kabla ya kuuliza njia. Ukimwita mwenye duka “mama” au “mzee” na kumjulia hali, utaelekezwa hadi mlangoni, na pengine utapewa na mtoto wa kukusindikiza.

Kwa malazi, gesti za mtaani ni rahisi na zinatosha. Ukipenda hema, nenda kwenye kambi zilizo kando ya ziwa zenye uzio wa umeme. Uzio huo si wa wezi. Viboko hutoka majini usiku kuja kula majani, na kiboko akikukuta kati yake na maji hana subira. Giza likishaingia, usitembee kando ya ziwa hata kama mwezi ni wa kupendeza namna gani.

Hatua ya tatu: amka mapema, uende ufukoni

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi uwe umeshafika. Barabarani utapishana na wafanyakazi wanaowahi zamu, na ufukoni utawakuta wavuvi wakirudi.

Ufuo wa Kamere si mchanga mweupe wa Pwani. Ni matope, nyasi, mafunjo na gugumaji, na hauko mahali palepale kila mwaka. Mwaka 2020 ziwa lilifura kiasi cha kufukuza familia nyingi mtaani Kihoto, na kingo zote zilisogea nchi kavu. Migunga iliyozama ilikufa ikiwa imesimama. Utaiona ndani ya maji, myeupe kama mifupa, na kila tawi la juu lina mnandi aliyetandaza mbawa zake azikaushe.

Kabla ya kupanda boti, pitia kwa kamati ya ufuo, ambayo wenyeji huiita BMU, wakuonyeshe nahodha aliyeandikishwa. Kisha fanya mambo matatu bila haya. Kubaliana bei, na uulize kama ni ya boti nzima au ya kila kichwa, na ni ya muda gani. Vaa jaketi la kuokolea maisha na uifunge mikanda yote, kwa maana jaketi lililofunguliwa halimwokoi mtu. Tatu, mwambie nahodha kwamba huna haja ya kusogelea viboko. Wageni ndio huwashurutisha manahodha wakaribie ili wapate picha, na kosa huanzia hapo.

Ukiwa katikati ya maji, mwombe azime injini. Utasikia furukombe akilia kabla hujamwona. Wako wengi hapa kwa sababu samaki wapo, na samaki wapo kwa sababu maji haya ni matamu, si ya magadi kama ya Nakuru na Elementaita. Ziwa Naivasha halina mto unaotoka juu ya ardhi. Malewa na Gilgil huingiza maji, na ziwa huyapenyeza chini kwa chini, chumvi nayo ikaondoka hivyo hivyo. Mwaka 1995 liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa.

Usiogelee, na maji ya ziwa usiyanywe.

Hatua ya nne: kula samaki palepale

Karibu samaki wote utakaowaona kwenye mizani waliletwa na binadamu au waliingia kwa bahati mbaya. Tilapia na kambare unawajua. Mkubwa mwenye magamba mapana, mwenye rangi ya shaba, ni kapu. Aliingia ziwani mapema miaka ya 2000, na analisha watu wengi. Kuna pia kamba wekundu wa maji baridi wenye magando, asili yao Louisiana, Marekani, waliopandikizwa mwaka 1970.

Kuchagua samaki: inua kifuniko cha shavu, matamvua yawe mekundu. Macho yawe yamejaa, yasiwe yamezama. Bonyeza nyama kwa kidole. Shimo likibaki, mwache. Na samaki mdogo kuliko kiganja chako usimnunue hata kwa bei ya kutupa. Huyo hajazaa, na anayekuuzia anakuuzia njaa ya mwakani.

Watu husema kapu ana miba mingi, wakamkimbia. Ni kweli ana miba, lakini mtazame mama anayekaanga. Anampara magamba, anampasua, kisha anachukua kisu kikali na kumchanja ubavuni mkato baada ya mkato, karibu karibu sana, unasikia kisu kikikatakata kama mtu anayetembea juu ya changarawe. Ile ni miba midogo inakatika. Anapaka chumvi, anamwacha kidogo, ndipo anamtumbukiza kwenye mafuta yanayochemka. Mafuta huingia katika kila mkato na kuikausha miba iliyobaki, nawe unaitafuna bila kujua. Aliyechanjwa mikato mitatu tu ya urembo atakuchoma koo. Kwa hiyo, kabla hujaagiza, tazama mikato.

Mle na ugali wa moto, sukuma wiki na kachumbari yenye limau. Kwa maoni yangu, mlo huo unaushinda mlo wowote wa mezani kando ya ziwa hili, na pesa yako inabaki kwa aliyevua na aliyepika. Watoto wadogo wape tilapia.

Hatua ya tano: panda baiskeli uende Hell's Gate

Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate ilianzishwa mwaka 1984, na ina ukubwa wa kilomita mraba 68 hivi. Ni miongoni mwa hifadhi chache za Kenya ambako unaruhusiwa kutembea na kuendesha baiskeli katikati ya wanyama. Lango la Elsa haliko mbali na Kamere. Kiingilio hulipwa kwa simu kupitia mfumo wa serikali, si kwa noti, basi uwe na chaji na kitambulisho cha taifa ili utozwe bei ya mwananchi.

Baiskeli hukodishwa nje ya lango. Hapa nawasihi msifanye haraka. Mimi niliwahi kuchukua ya kwanza niliyopewa, nikagundua breki ya nyuma haishiki nikiwa kwenye mteremko, na pofu wawili wamesimama njiani. Sukuma baiskeli, bana breki ya mbele, kisha ya nyuma. Minya magurudumu. Zungusha kanyagio uone mnyororo haurukiruki. Uliza kama kuna pampu na vifaa vya pancha. Beba lita mbili za maji kwa kila mtu.

Ukishaingia tu utauona Mnara wa Fischer, jabali lililopewa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyepita hapa mwaka 1883. Wamaasai husimulia kwamba ni binti aliyegeuka nyuma akipelekwa kuolewa, akawa jiwe. Kando ya njia utawakuta pundamilia, twiga, ngiri na kongoni. Nyati nao wamo: ukiwaona karibu na njia, simama mbali ungoje waondoke, na baiskeli usiitelekeze. Angalia chini pia. Mawe meusi yanayong'aa kama chupa iliyovunjika ni kioo cha volkano, na watu wa kale waliyachonga kuwa visu. Yaache yalipo.

Baada ya kilomita nane hivi unafika kwenye Korongo la Ol Njorowa. Fyodi zilichongwa na barafu; korongo hili lilichongwa na maji ya ziwa la kale yaliyokuwa yakitokea huku. Hapa lazima niseme kwa uzito. Aprili 2012 na tena Septemba 2019, mafuriko ya ghafla yaliua watu saba kila mara ndani ya korongo hili. Mvua ikinyesha juu, kusikoonekana, maji hukufikia wewe uliye chini bila wingu kichwani. Waulize askari wa wanyamapori siku hiyohiyo kama korongo limefunguliwa. Wakisema limefungwa, limefungwa, na asitokee kijana wa kukuonyesha njia ya panya. Likiwa wazi, ingia na kiongozi, na mngurumo wowote uwe ndiyo amri ya kupanda juu.

Upande wa pili wa hifadhi mvuke mweupe hupanda kutoka visima vya Olkaria, ambako umeme wa jotoardhi umezalishwa tangu mwaka 1981.

Hatua ya sita: siku ya tatu, chagua kimoja

Mwenye miguu mizima na apande Longonot, mita 2,776. Aanze alfajiri, azunguke ukingo wa kreta wenye kilomita saba hivi. Mwenye watoto au wazee aende Elsamere, iliyokuwa nyumba ya Joy Adamson, mlezi wa simba Elsa, akawatazame mbega weusi kwa weupe wakiruka mitini. Vyote viwili kwa siku moja ni kujichosha bure.

Kabla ya kuondoka, rudi Kamere mara moja zaidi, ununue samaki wa kukaanga wa kubeba, na taka zako zote uondoke nazo. Wavuvi, mama za samaki na wageni wasio na pesa ya hoteli wote hutumia kipande hicho kimoja cha ukingo, na kikichafuka hawana kingine cha karibu. Ukishuka stendi, uliza njia ya ufukoni. Haina lango.